Damu Iliyofanya Mabonge: Neno Moja la Kiingereza Lilivyofika Ndalu

Senge wangu, dada mdogo wa marehemu baba, ana umri wa miaka 80 na ushei na bado analima bustani yake ya sukumawiki mwenyewe. Nilipokwenda Ndalu likizo iliyopita, alinipokea kama kawaida kwa chai ya maziwa, akaniuliza habari za watoto, kisha akaingia chumbani na kutoka na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi tatu za maabara. Alikuwa amepimwa mara tatu katika muda wa miezi saba kwenye kliniki moja ya kibinafsi, na mara zote tatu akaambiwa ana homa ya matumbo, ile ambayo sisi sote huku tunaiita taifodi. Mara tatu akanunua dawa. Mara ya tatu aliuza kuku wanne na debe mbili za mahindi.

"Wewe ni profesa wa lugha," akaniambia. "Nisomee hapa."

Karatasi iliandikwa kwa kalamu, mwandiko wa haraka: TO 1:160, TH 1:80, na chini yake neno moja, agglutination, likifuatwa na alama mbili za kujumlisha. Nikamuuliza kijana wa maabara alimwelezaje. Senge akaiga sauti yake: "Alisema, 'Kukhu, damu yako ime-agglutinate.' Nikamuuliza ndiyo nini, akasema ndiyo taifodi."

Sasa neno hilo nimeishi nalo kwa zaidi ya miaka 40. Nimelifundisha, nimelitungia maswali ya mtihani, nimesahihisha majibu yake hadi macho yakaniuma. Nikakaa sawa kitini, nikaanza kumweleza senge kwamba asili yake ni Kilatini, kwamba maana yake ni kubandikana kama kwa gundi, na kwamba hata Kiswahili na Lubukusu ni lugha za namna hiyo kwa sababu maneno yake yamejengwa kwa viambishi vilivyobandikwa kwenye mzizi. Alinisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza.

"Kwa hivyo damu yangu ina viambishi?"

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Mwanamke mzima ameuza kuku wake kwa ajili ya neno ambalo yule aliyelitamka hakuweza kulieleza, na mimi niliyelisomea shahada tatu sikuweza kulieleza vilevile. Makala ya leo ni deni langu kwake.

Tuanzie kwenye gundi. Kwa Kilatini gundi ni gluten, na kitenzi cha kubandika kitu kwa gundi ni agglutinare. Msomaji atakuwa amekwisha kuona neno gluten kwenye pakiti za vyakula: ndiyo protini ya ngano inayofanya unga uliokandwa uvutike bila kukatika. Mama yeyote wa Trans Nzoia anajua jambo hili bila Kilatini. Unga wa ngano unakubali kusukumwa ukawa chapati. Unga wa mahindi, ambao ndio utajiri wetu, haukubali, kwa kuwa hauna gundi hiyo. Ukijaribu, unabaki na makombo mkononi.

Kutoka hapo neno lilichukua njia mbili, ya wanaisimu na ya madaktari. Ya madaktari ndiyo iliyomgusa senge, basi nianze nayo ingawa ndiyo changa.

Mwaka wa 1896, mjini Vienna, Max von Gruber na mwanafunzi wake Mwingereza, Herbert Durham, waliona jambo la ajabu kwenye vioo vyao. Walichukua majimaji ya damu ya mnyama aliyekwisha kukingwa dhidi ya vijidudu fulani, wakayachanganya na vijidudu vya aina ileile vinavyoelea majini. Maji yaliyokuwa na ukungu yakaanza kusafika, na vijidudu vikashikana vikawa mabonge madogo, yakazama chini. Mwaka huohuo, kule Paris, daktari Fernand Widal akaligeuza jambo hilo kichwa chini miguu juu. Ikiwa damu iliyozoeana na kijidudu hukifanya kishikane mabonge, basi tukitia kijidudu cha homa ya matumbo tunachokijua kwenye majimaji ya damu ya mgonjwa tusiyemjua, mabonge yatatuambia kama damu hiyo imewahi kukutana nacho. Kipimo hicho kikaitwa kwa jina lake, na hadi leo, zaidi ya karne moja baadaye, kipimo cha Widal ndicho kinachofanywa kwenye vyumba vidogo vya maabara kutoka Kitale hadi Bungoma.

Kinachotokea ni rahisi kukieleza kwa Kiswahili cha jikoni. Mwili ukivamiwa na vijidudu hutengeneza askari wake wa kinga. Askari hawa wana mikono miwili: mmoja hukamata kijidudu hiki, wa pili hukamata kile. Wakiwa wengi, kila mmoja akishika viwili, vijidudu vyote hufungamana vikawa bonge, kama uji uliomwagiwa unga mkavu bila kukorogwa. Hayo mabonge ndiyo agglutination. Kumbuka kwamba bonge halifanyiki mwilini mwa mgonjwa. Linafanyika kioo kwenye meza ya maabara. Na kinachoshikana si damu, ni vijidudu vilivyokufa vilivyotoka kwenye kichupa cha dukani. Kijana aliposema damu ya senge imeshikana, alikosea hata kwa Kiingereza chenyewe.

Zile tarakimu nazo? 1:160 maana yake ni kwamba majimaji ya damu yalizimuliwa hadi sehemu moja kati ya 160 na bado mabonge yakaonekana. Kadiri unavyoweza kuyazimua na mabonge yasipotee, ndivyo askari walivyo wengi. Na zile herufi O na H zina hadithi ambayo mtu wa lugha hawezi kuipita. Zimetokana na neno la Kijerumani Hauch, yaani pumzi. Vijidudu vinavyojongea huenea juu ya chakula chao cha maabara kama ukungu wa pumzi juu ya kioo. Hao wakaitwa H. Visivyojongea havina pumzi hiyo: kwa Kijerumani "bila pumzi" huanza na ohne, ndipo tukapata O. Senge alikuwa ameamini kwamba H ni hatari na O ni oparesheni, na kwamba wanamficha.

Hapa sasa ndipo penye uzito. Askari wa kinga hawaondoki siku vita vinapokwisha. Mtu aliyeugua homa ya matumbo zamani, au aliyechanjwa, anaweza kuwa nao damuni kwa muda mrefu. Tena vijidudu vingine vya jamii hiyo, hata baadhi ya magonjwa yasiyohusiana nayo, vinaweza kusababisha mabonge yaleyale. Kwa hivyo katika nchi kama yetu, ambako wengi tumekutana na vijidudu hivyo kwa maji ya visima na mito, bonge moja siku moja si ushahidi wa kutosha wa ugonjwa wa leo. Wataalamu wamelisema hili kwa miaka mingi. Utaratibu wa asili ulikuwa kupima mara mbili, siku kadhaa zikipita katikati, ili kuona kama kiwango kinapanda; na kipimo cha kutegemewa zaidi ni kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu yenyewe na kuviona vikimea. Hilo linahitaji vifaa, umeme na siku kadhaa za kungoja. Kipimo cha kioo ni dakika chache na pesa kidogo. Ndipo unapata mama wa miaka 80 aliyemeza dawa za kuua vijidudu mara tatu kwa mwaka, na vijidudu vingine huko vinajifunza kuzizoea dawa hizo.

Sisemi kijana wa maabara ni mwongo. Nasema alipewa neno badala ya maarifa, akalipitisha lilivyo.

Neno hilihili liliokoa maisha mahali pengine. Mwaka wa 1901, huko huko Vienna, Karl Landsteiner alichanganya chembe nyekundu za damu za mtu mmoja na majimaji ya damu ya mwingine, akitumia damu yake na ya wenzake wa maabara. Baadhi zikashikana mabonge, nyingine zikaelea salama. Kwa kufuata nani anashikana na nani, akapata makundi ya damu ambayo leo kila mwanafunzi wa sekondari anayataja. Kundi la AB liliongezwa na wenzake mwaka uliofuata. Kabla ya hapo kumwongezea mtu damu kulikuwa bahati nasibu, na wengi walikufa. Landsteiner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1930. Kila anayepokea damu hospitalini leo amelindwa na mtu aliyekaa akitazama mabonge.

Nirudi sasa upande wangu. Wanaisimu walilitumia neno hili mapema kuliko madaktari. Mwanzoni mwa karne ya 19, ndugu wawili Wajerumani, Friedrich na August Wilhelm Schlegel, walianza kuzigawa lugha za dunia kwa jinsi maneno yake yanavyojengwa. Wilhelm von Humboldt akaendeleza kazi hiyo, na tangu wakati wake mgawanyo ukajulikana hivi: kuna lugha ambazo kila neno husimama peke yake halibadiliki, mfano mashuhuri ukiwa Kichina, kuna lugha ambazo vipande vyake hubandikwa kama kwa gundi, mfano Kituruki na lugha zetu za Kibantu, na kuna lugha ambazo vipande vimeyeyukiana hata huwezi kuona mpaka, kama Kilatini, Kigiriki na Sanskriti. Wanaisimu wa Kiswahili wa siku hizi huziita lugha tenganishi, lugha ambishi bainishi na lugha ambishi mchanganyo. Majina mazuri, kwa maoni yangu, hasa lile la pili. Neno bainishi linaongeza jambo ambalo Kilatini kilisahau: kwamba vipande vimeshikana, lakini kila kimoja bado kinabainika.

Tazama neno hawakunipikia. Ha- inakanusha, wa- ni wao, -ku- ni wakati uliopita ukikanushwa, -ni- ni mimi niliyekosa chakula, -pik- ndiyo kazi yenyewe, -i- ni kwa ajili yangu, na -a inafunga mlango. Vipande saba katika neno moja, na mtoto wa darasa la pili anaweza kukichomoa kipande chochote akakitia kingine: hamkunipikia, hawakutupikia, hawakunipigia. Mwingereza anahitaji maneno sita kusema jambo hilo. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wafikirie treni: mabehewa yameungwa, lakini unaweza kulifungua moja bila kuvunja jingine. Gundi haifanyi hivyo. Ukibandua kilichobandikwa kwa gundi, kinatoka na ngozi.

Ubaya ni kwamba wale mabwana wa karne ya 19 hawakuishia kugawa, walipanga ngazi. Max Müller, mhadhiri wa Oxford, alitoa mihadhara yake maarufu mjini London mwaka wa 1861, na katika fikra zake lugha tenganishi zilikuwa hatua ya familia, lugha za kubandika hatua ya wafugaji wanaohamahama, na lugha za kuyeyukiana hatua ya dola na serikali. Yaani lugha yako ikibandika, wewe bado uko njiani kuelekea ustaarabu. Mwaka uliofuata Wilhelm Bleek alichapisha sehemu ya kwanza ya sarufi yake ya kulinganisha lugha za kusini mwa Afrika, ambamo jina Bantu lilitumika kwa jamii ya lugha zetu, naye pia aliamini kwamba umbo la lugha linaonyesha kiwango cha akili za wasemaji wake. Carl Meinhof, baba wa taaluma ya lugha za Kibantu, alifika hata kudai kwamba kulikuwa na jamii nyingine ya Waafrika, aliyoiita ya Kihami, iliyokuwa bora kwa kuwa lugha zao zilikuwa na jinsia za kisarufi kama za Ulaya. Kitabu chake cha mwaka wa 1912 kilisomwa na maofisa na wamishonari waliokuja kututawala.

Edward Sapir wa Marekani aliivunja ngazi hiyo mwaka wa 1921 katika kitabu chake kuhusu lugha. Hoja yake ilikuwa kwamba umbo la lugha na kiwango cha ustaarabu havina uhusiano wowote. Lakini ngazi zikivunjika vitabuni huchukua muda kuvunjika vichwani. Nilipoanza chuo kikuu, bado kulikuwa na mhadhiri aliyetufundisha mgawanyo huu kwa sauti ya kutuhurumia. Nilikuwa kijana wa kutoka shamba, nikaandika daftarini kwamba lugha ya mama yangu iko hatua ya pili. Nimeliweka daftari hilo hadi leo.

Sasa hebu turudie kauli ya kijana wa maabara: "damu yako ime-agglutinate." Isikilize tena. I- ya damu, -me- ya hali timilifu, kisha kitenzi cha Kiingereza chenye Kilatini tumboni. Bila kujua, kijana amefanya kilekile anachokitaja. Amechukua mzizi mgeni akaubandika viambishi vya Kibantu, ukashika barabara, na kila kipande kinabainika. Kama Müller angekuwa hai angeona kwamba lugha ya "kuhamahama" imekikaribisha Kiingereza nyumbani na kukivalisha shuka. Wenzangu wengi hukasirishwa na lugha hii ya kuchanganya. Wataandika barua kwa mhariri kuhusu ku-attend, ku-confirm na ku-cancel. Mimi uundaji wake hauniudhi. Kinachoniudhi ni pale mzizi mgeni unapotumika kama pazia, ili anayeulizwa asiulizwe tena.

Na Ndalu ni mahali pazuri pa kufikiria habari za kushikana, kwa sababu Ndalu yenyewe ni bonge. Wakati wa ukoloni eneo hili lilikuwa upande wa mashamba ya walowezi. Serikali ilipoanza mpango wa ekari milioni moja mwaka wa 1962, wa kununua mashamba ya Wazungu na kuyagawa, sehemu hizi za Ndalu, Naitiri na Tongaren zikakatwa vipande vya kugawiwa familia. Watu wakaja kutoka kila upande: Wabukusu na Watachoni kutoka jirani, Wakabras, Wamaragoli waliobanwa na uhaba wa ardhi kwao kusini, na wengine. Baba yangu alipata shamba lake katikati ya miaka ya sitini. Upande wetu wa kulia walikuwa Wamaragoli, wa kushoto Watachoni, na ng'ambo ya kijito mzee mmoja wa kutoka Wanga.

Sisi watoto tulijifunza isimu kabla ya kujua kuna kitu kinachoitwa isimu. Kwetu watu ni babandu. Kwa jirani wa kulia, avandu. Kwa yule mzee, abandu. Mzizi ni uleule, -ndu, na Kiswahili kinasema watu. Kinachobadilika ni behewa la mbele. Mama alituita kwa lugha moja, tukajibiwa na mama wa jirani kwa nyingine, tukacheza mpira kwa Kiswahili. Hakuna aliyetuambia tuungane.

Waliotuambia tuungane walikuwa wametangulia. Jina Abaluyia, lenye asili katika neno la mahali wazee wanapoota moto na kukata mashauri, lilianza kupata nguvu miaka ya 1930. Kabla ya hapo hakukuwa na kabila moja lenye jina hilo. Kulikuwa na jamii zaidi ya 15, kila moja na jina lake, na serikali ya kikoloni iliwaita wote Wakavirondo wa Kaskazini. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega na wachimbaji Wazungu kumiminika mwaka wa 1931 na 1932, hofu ya kupokonywa ardhi iliwasukuma vijana waliosoma kuunda chama cha North Kavirondo Central Association na kudai kusikizwa kama watu wamoja. Majirani zao waliokuja kuitwa Wakalenjin walifanya kama hivyo muongo uliofuata. Wakati wa hatari, watu hushikana. Askari wa kinga hutengenezwa baada ya uvamizi.

Lakini lugha yao ilikataa kushikana kwa amri. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 iliundwa kamati ya lugha ya Luyia, na mmishonari wa Kianglikana, Lee Appleby, akaifanyia kazi kwa bidii kubwa, akaandaa msamiati na sarufi ya Oluluyia moja itakayosomwa na wote. Tatizo ni kwamba kila dhehebu lilikuwa limekwisha kuandika kivyake. Waquaker walikuwa Kaimosi tangu 1902 na Agano Jipya la Lulogooli lilikuwa limetoka mwaka wa 1925, likiandika kwa herufi v ile sauti ambayo Waanglikana wa Butere waliiandika kwa b. Kanisa la Mungu lilikuwa Kima likiandika Lunyore. Mtu atadhani ni ugomvi wa herufi moja. Haukuwa. Mmaragoli aliyesoma Neno la Mungu kwa avandu hakuona kwa nini ajifunze upya kuwa abandu, na Wamaragoli wakajitoa. Wabukusu nao hawakuiona Lubukusu yao ndani ya lugha hiyo. Jina la Luyia likabaki na kustawi. Lugha moja ya kuandikwa ya Luyia haikustawi vivyo hivyo.

Kumbe Kiswahili nacho kilipitia meza kama hiyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka wa 1930. Watu wa Mombasa na Lamu, wenye urithi mkubwa wa ushairi, walinung'unika, na wengine hawajaacha. Tofauti ni kwamba Kiswahili hakikuhitaji kamati ili kifike Ndalu. Kilifika kwa wafanyakazi wa mashamba, kwa askari waliorudi vitani, kwa soko na kwa mpira wetu wa matambara.

Je, basi tungemwambia senge nini kwa Kiswahili? Nimelizungusha swali hili kwa wiki kadhaa. Kuganda halifai, kwa sababu damu inayoganda kwenye kidonda ni jambo jingine kabisa na daktari akichanganya hayo mawili tumekwisha. Mshikamano limechukuliwa na wanasiasa. Ukiliandika kwenye karatasi ya maabara mgonjwa atatafuta jina la mbunge. Mnato ni sifa ya asali na gundi. Kusongamana ni kwa abiria wa matatu. Mwambatano ni neno zuri, lina heshima, linakaa vizuri kwenye kamusi, na nisingependa kulisikia kliniki hata kidogo, maana litafanya kazi ileile ya pazia, safari hii kwa Kiswahili. Tumeshatunga istilahi nyingi za namna hiyo, na mimi mwenyewe nimekaa kwenye vikao vya kuzitunga.

Nadhani kufanya mabonge kunatosha. Kila anayepika uji anajua bonge ni nini, na anajua pia kwamba bonge lina sababu zaidi ya moja: pengine unga ulikuwa mwingi, pengine maji yalichemka mno, pengine mkoroga uji aliitwa mlangoni. Ukimwambia mtu "tumechanganya majimaji ya damu yako na vijidudu vya taifodi, vikafanya mabonge," swali lake linalofuata litakuwa "kwa nini?" Hapo maabara italazimika kujibu.

Nilimpeleka senge kwenye hospitali kubwa. Daktari, mwanamke kijana mwenye subira, alitazama karatasi zote tatu, akauliza dawa ya mwisho ilimezwa lini, akasema tungoje, kwani dawa inaweza kuvificha vijidudu visiote. Tuliporudi wiki kadhaa baadaye alimtoa damu ya kuoteshwa. Haikuota kitu. Shida ya senge ilikuwa nyingine, ya tumbo, ambayo si ya kuandikwa gazetini, na anaendelea vizuri.

Jumapili iliyopita nilimpigia simu. Alikuwa na mgeni, mke wa yule jirani Mmaragoli, naye pia amerudi kutoka kliniki na karatasi yake. Senge hakuikata simu, nikamsikia akimweleza kwa sauti ya mtu aliyehitimu: "Hayo ni mabonge tu, mama. Waulize kama ni ya leo au ni ya zamani."

Kisha akanirudia mimi, akauliza nitakuja lini na kama nitamletea unga wa chapati.